KILICHOKUWA NYUMA YA PICHA



Ndugu zangu katika imani, leo najisema mwenyewe kabla sijamsema mtu.

Nilialikwa Kikole, huku kwetu Kilwa, kwenye khitma ya watoto wa madrasa. Baada ya Alasiri nikamuona mtoto amekaa chini ya mwembe na juzuu yake, anadurusu. Nikapendezwa. Nikatoa simu, nikampiga picha, nikairusha mtandaoni papo hapo.

Usiku simu ikaita. "Assalaamu alaykum shehe. Samahani sana shehe wangu, ile picha... nyuma ya mtoto yupo mke wangu."

Nikaikuza picha. Subhanallah! Uani kwake, mama wa watu anapepeta mchele, kanga imemshuka mabegani, kichwa wazi. Mimi nilimuona mtoto tu. Simu ilichukua vyote. Nikaifuta, lakini ilishasambaa kwenye magrupu.

Nikarudi Kikole kuomba radhi. Yule mama akanijibu akiwa nyuma ya pazia: "Shehe, nimekusamehe. Lakini mimi nilikuwa kwangu." Neno hilo halijanitoka.

Nikamfuata kijana mmoja wa Masoko anayepiga picha za harusi, anifundishe. Akasema: "Shehe, ukifungua sana tundu la lenzi, yaani namba ndogo kama 2, ulichokilenga kinatoka wazi na cha nyuma kinakuwa ukungu. Ukilibana, namba 11 au 16, mbele na nyuma vyote vinaonekana. Tena msogelee unayempiga, na yeye akae mbali na vilivyo nyuma yake." Lakini akanionya: lenzi ya simu ni ndogo mno, ukungu wake mara nyingi hutengenezwa na programu, na simu nyingi huhifadhi ile picha halisi. Basi usiufanye ukungu kuwa ndiyo sitara. Geuka upande mwingine, na uombe ruhusa.

Elimu ya nuru si ngeni kwetu. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, aliandika Kitab al-Manazir, akabainisha kuwa tunaona kwa nuru inayotoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Kila kilicho mbele yako kinakujia. Kazi yako ni kuchagua utulize wapi macho.

Na hapo ndipo lilipo somo. Katika Suratun-Nur, aya ya 30 na ya 31, Allah ameamrisha waumini wanaume na wanawake wainamishe macho. Hakutuamrisha tuwe vipofu. Na Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, ametufundisha kusitiri aibu za wenzetu.

Sisi tunafanya kinyume. Mtu ana swala yake, ana wema kwa wazazi wake, hayo tunayatia ukungu. Ana kosa moja huko nyuma, hilo ndilo tunalilenga, tunalikuza, tunalisambaza. Tukiambiwa tufute, limeshafika kila grupu.

Ndugu yangu, kabla hujairusha picha, kagua nyuma. Kabla hujamtaja mtu, jiulize umelenga nini kwake. Na kumbuka: nawe una uani kwako.

Ewe Mola wetu, zisitiri aibu zetu na uyatulize macho yetu kwenye yale unayoyaridhia. Amin.

Ukiona lina kheri, mfikishie na mwenzako.