Saa Kumi na Mbili ya Mikumi

Kwa Mswahili anayefika Maskati kwa mara ya kwanza, jina la mtaa wa Ghala huleta tabasamu, na mtaa wenyewe hauliendei kinyume jina hilo: maghala, karakana, maduka ya vipuri. Nyuma ya karakana hizo anaishi mzee aliyezaliwa Kilosa mwaka 1950, dukani kwa baba yake, akahamia Oman katika miaka ya 1970, nchi hiyo ilipowafungulia milango wazawa wake wa Afrika Mashariki. Baada ya sala ya alfajiri hunywa chai ya rangi na kuitazama saa yake, ambayo bado huisoma kwa Kiswahili: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, si saa sita.

Saa hiyohiyo, mwezi Julai mwaka 2023, alikuwa langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi pamoja na mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa chuo kikuu. Pori hilo lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1964, mzee akiwa na miaka kumi na minne. Karani alimwamkia, "Shikamoo, mzee," akauliza habari za safari, kisha akaomba pasi. Wakati huo raia wa Afrika Mashariki walitozwa kwa shilingi. Wageni walitozwa kwa dola. Hakukuwa na kosa la mtu. Kilichokuwa kigumu ni kuitikia "marahaba" huku akilipa ada ya mgeni.

Watu huingia hifadhini mapema kwa kuwa wanyama hawalingoji jua kali. Katika uwanda wa Mkata, nyumbu na pundamilia walikuwa wakila majani yenye umande. Simba jike wawili waliiacha njia polepole, wakitafuta kivuli. Jua lilipanda kutoka upande wa milima ya Uluguru. Binti alipiga picha. Mzee alifumba macho, akiwasikiliza kanga wakilia vichakani, sauti aliyoiacha utotoni.

Mwongozaji alikuwa na lugha mbili. Binti alipewa Kiingereza: uzito wa tembo, umri wa mbuyu. Mzee alipewa Kiswahili, na ndani yake masihara kuhusu nyani wa barabara kuu inayoikata hifadhi, wanaokagua mizigo ya wasafiri kuliko maofisa wa forodha. Wanaume wawili wakacheka. Binti akauliza kwa Kiarabu kilichosemwa; babu akajaribu kufasiri, kichekesho kikafia njiani. Hapo ndipo safari ilipomuuma, zaidi ya pale langoni. Yeye alikuwa mgeni kwa karatasi. Mjukuu alikuwa mgeni kweli, na ugeni huo ulilelewa nyumbani kwake Ghala, ambako kwa miaka mingi aliwajibu watoto kwa Kiarabu ili wasichekwe shuleni.

Oman ina kisa chake cha kurejea. Choroa wa mwisho wa mwituni waliuawa mwaka 1972 katika uwanda wa Jiddat al-Harasis. Wengine walikuwa wamehifadhiwa kwenye mabustani ya wanyama, hata Marekani. Kizazi kilichozaliwa ughaibuni kililetwa, kikaachiwa jangwani mwaka 1982. Hawakuachiwa mmoja mmoja. Waliwekwa kwanza ndani ya uzio hadi wakazoeana na kuwa kundi. Wala kurejea hakukuwa mwisho wa kazi: ujangili ulizuka tena, na mwaka 2007 UNESCO iliiondoa hifadhi yao katika orodha ya Urithi wa Dunia, ya kwanza kabisa kuondolewa.

Lugha nayo haihamishwi na mtu mmoja. Marafiki wa mzee wanaokusanyika kucheza karata kwa Kiswahili hupungua mwaka hadi mwaka, na hakuna kijana anayekaa kwenye mkeka wao.

Tangu warudi, binti huamka alfajiri ya kila Ijumaa, akaja na simu yake yenye picha. Babu hutaja, naye hurudia: pofu, ngiri, pundamilia. "Niyumbu," husema. "Nyumbu," babu husahihisha, bila kucheka. Kisha humuuliza saa ngapi. Simu inaonyesha sita. Binti husita kidogo, akihesabu kwa vidole.

"Saa kumi na mbili, Babu."