Rubani Akikataa Kutua, Mwambie Asante

Watu wangu, hebu tuambiane ukweli. Ndege ndogo inafika kwenye kiwanja cha nyasi huko Mara, mvua imetoka kunyesha, rubani anaangalia chini halafu anapaa tena bila kutua. Abiria wanaanza: "Kwani huyu anaogopa nini?"

Anaogopa hesabu. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza huwaonya marubani kwamba nyasi fupi sana zikilowa huwa na utelezi, na umbali wa kutua unaweza kuongezeka kwa asilimia 60. Yaani ndege inayohitaji mita 500 kwenye lami kavu sasa inataka 800. Kama kiwanja kina mita 700, hizo 100 mtazimalizia kichakani. Na akija na kasi iliyozidi kwa asilimia 10 tu, ongeza asilimia 20 nyingine. Breki hazishiki, tairi zinateleza tu kama za matatu kwenye matope.

Sisi tumezoea kumharakisha dereva. Hiyo tabia tuiache stejini. Ndege ikirudi, utakosa lanchi ya hoteli. Ni hiyo tu. Lanchi italiwa kesho.