Fidla ya Kwanza Iliponyamaza Nshambya

Hivi umewahi kusafiri na mwenzi wako mkiwa mmenuniana? Mimi na mzee wangu tulipanda meli Mwanza jioni, tukavuka Ziwa Victoria usiku kucha, hakuna anayemsemesha mwenzake. Ugomvi wenyewe ni kiwanja. Yeye anataka tujenge kwao Nshambya, mimi nataka Dar. Na nikiwa mkweli, miezi mitatu yote hiyo muongeaji nilikuwa mimi tu.

Nshambya ni kata ya Manispaa ya Bukoba, lakini kwa wakwe zangu utadhani uko kijijini: nyumba imezungukwa na kibanja, migomba juu, mibuni chini. Usiku ule, tulipomaliza ndizi na samaki, jirani mmoja mzee alikuja na nanga. Si ile ya meli! Hii ni ala ya Wahaya, ubao uliochongwa kama hori. Kwa asili, uzi mmoja mrefu hupitishwa juu yake kwenda na kurudi mpaka zinapatikana nyuzi saba au nane. Mzee aliimba habari za Mugasha, mwenye ziwa. Zamani waimbaji wa nanga walipiga mbele ya Wakama. Utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, wakabaki na wasikilizaji kama sisi.

Kilichonigusa ni jinsi alivyonyamaza. Anaimba kidogo, anaziacha nyuzi zijibu, ndipo anaendelea.

Nikakumbuka chuo, darasa la mawasiliano, mwalimu akituwekea kwateti ya Joseph Haydn wa Austria: fidla mbili, viola na chelo, basi. Haydn alipoanza kuandika kwateti, miaka ya 1750, fidla ya kwanza ndiyo iliyobeba wimbo na wengine wakafuata nyuma kama wapambe. Lakini mwaka 1772 aliandika moja ambayo chelo, yule mkimya wa chini, ndiyo inayoanza kuimba, huku fidla ya kwanza ikingoja zamu yake. Kufikia kwateti zake sita za mwaka 1781, wimbo unazunguka kwa wote wanne. Mozart akajibu kwa sita za kwake, zilizochapishwa mwaka 1785 na kutunukiwa Haydn. Beethoven naye akaandika 16, ya mwisho mwaka 1826. Na hakuna anayesimama mbele na kijiti kuwaongoza. Wanatazamana tu na kusikilizana.

Mwalimu alisema hayo ndiyo mawasiliano. Mtihani nilifaulu. Nyumbani je?

Asubuhi, tukinywa chai nje, nikasema, "Haya Baba Neema, niambie, kwa nini hapa?" Kisha nikaufunga mdomo wangu. Jamani, ni kazi! Alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Nami nikangoja.

Kumbe hana tatizo na Dar. Anaogopa baba yake atakufa kabla wajukuu hawajajua hata kumsalimia kwa Kihaya. Miezi mitatu tunagombana, na hilo nilikuwa sijalisikia, kwa sababu sikumpa nafasi ya kulisema.

Kiwanja bado hatujanunua, popote pale. Ila kwenye meli ya kurudi tulikaa nje na shuka moja, tukaongea kwa zamu, mpaka taa za Mwanza zikaonekana.