Minnesota: Barafu au Nyasi?

Ukibahatika kufika Minnesota, kaskazini mwa Marekani, usishangae kusikia hoki ikitajwa kabla ya kandanda. Hii si hoki ya City Park, Nairobi. Huchezwa juu ya barafu, kwa viatu vya kutelezea. Januari maziwa huganda, na watoto hujifunzia humo humo.

Panda garimoshi la mjini, mjini St. Paul. Utapita uwanja wa kandanda wa Minnesota United, uliofunguliwa 2019, wenye viti 19,400. Endelea hadi katikati ya mji ukaone ukumbi wa Minnesota Wild, timu ya hoki, unaochukua watu karibu 18,000. Tofauti ni ndogo!

Kitaifa je? Mwaka 2017 kampuni ya Gallup iliwauliza Wamarekani mchezo wapendao zaidi kuutazama. Asilimia 7 walitaja kandanda, 4 hoki. Futiboli ya Kimarekani ilizoa 37.

Mzazi naye hupima mfuko. Mpira mmoja huwatosha watoto ishirini. Hoki yadai viatu, gongo na helmeti kwa kila mmoja. Na wahamiaji, Wasomali wakiwemo kwa wingi, walikuja na kandanda yao. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.