Jeep Kubwa kwenye Njia ya Lami



Mwezi huu ninataka tuzungumze juu ya jeep. Ndiyo, zile motokari ndefu zenye vioo vyeusi ambazo siku hizi zimejaa katika miji yetu ya migodi, Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Kijana akiona moja inapita, anasimama na kuifuata kwa macho mpaka ipotee. Na ukimwuliza mwenyewe sababu gani alinunua motokari ya bei kali namna ile, jibu ni lile lile: "Pasta, njia zetu ni mbaya. Hapa bila 4x4 hauendi fasi."

Je, ni kweli? Mimi pia nilijibu hivyo kwa miaka mingi. Leo nitawaeleza siku niliyojua kwamba nilikuwa ninajidanganya.

Ilikuwa mwezi wa pili wa mwaka 2019, wakati wa mvua nyingi. Habari ilifika kwetu asubuhi kwamba mama mmoja mzee amelala, katika kijiji kimoja nyuma ya Kambove. Mama yule hakuwa mtu mkubwa. Lakini nilipokuwa mtoto, wakati baba yangu alikuwa kazini kwenye mgodi, ni yeye aliyenifundisha kusoma herufi za kwanza, chini ya mwembe, kwa kijiti kwenye udongo. Watoto wake waliomba nije kumzika. Walisema wataningojea mpaka saa nane, zaidi hawawezi, kwa sababu ya joto na ya maiti.

Ndugu mmoja wa kanisa letu, mfanyabiashara, aliposikia alisema: "Papa Pasta, usipande pikipiki na hii mvua. Nitakupeleka mimi. Jeep yangu iko 4x4, haiogopi kitu." Nilifurahi sana. Na niseme ukweli wote: nilifurahi kuliko inavyofaa kwa mtu anayekwenda kwenye kilio. Viti vya ngozi, hewa baridi, muziki wa polepole. Kwenye lami tulipita kamioni za madini kama kwamba zimesimama.

Tulipoacha lami tukaingia njia ya udongo mwekundu. Ninyi wenyewe mnaujua udongo wetu ukishiba maji, unateleza kama sabuni. Tulikwenda kilometa tisa hivi, tukafika kwenye bonde dogo, na jeep ikazama. Ndugu akabonyeza kitufe fulani chenye picha ya motokari inayoteleza. "Sasa utaona," akasema. Akakanyaga esanse. Mashine ikalia, potopoto ikaruka mpaka juu ya kioo, na sisi tukazidi kushuka.

Nikatoka nje. Hapo ndipo nilipoona jambo lililonishangaza. Magurudumu ya mbele yalizunguka kama wazimu. Ya nyuma yalikuwa yamelala kimya, hayakugeuka hata kidogo.

Vijana wanne walikuwa wanapita na baiskeli zao zimebeba mifuko ya makala. Walishusha mizigo, wakakata matawi, wakatusukuma. Mmoja akacheka, akasema: "Papa, hii jeep yenu inatembea na miguu miwili paka sisi!" Tulikaa pale karibu saa tatu. Mwisho niliiacha motokari, nikakunja suruali, nikaenda kwa miguu. Nilipofika kijijini, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini wakiwa wamebeba majembe. Walikuwa wamengoja mpaka saa tisa na nusu. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amefanya maombi badala yangu. Hakuna aliyenigombeza, na hiyo iliniumiza zaidi.

Juma lililofuata tulimwomba shemasi wetu mmoja, fundi wa motokari tangu ujana wake, aitazame ile jeep. Aliingia chini yake, akatoka bila kukawia. "Yaya," akamwambia mwenyewe, "hii haina chuma cha kupeleka nguvu nyuma. Inavuta mbele tu, sawa na taksi. Na kile kitufe si cha 4x4. Ni cha kuzuia magurudumu yasiteleze, na wewe ulikuwa unakizima." Ndugu yetu alinyamaza sana. Kisha akasema: "Miaka mitatu nimejisifu bure."

Si yeye peke yake. Fundi alitueleza kwamba jeep nyingi za siku hizi zinatoka kiwandani za aina mbili. Hata Toyota RAV4 na Harrier tunazoziona kila siku, ziliuzwa nyingine zenye 4x4 na nyingine za kuvuta mbele tu. Mwili ni mmoja, milango ni ile ile. Anayetazama kwa nje anaweza asijue tofauti.

Tuelewe basi 4x4 ni nini. Katika motokari ya kawaida, mashine inasukuma magurudumu mawili tu. Katika 4x4 inasukuma yote manne, kusudi mawili yakikosa mahali pa kushika, mengine yashike. Ni kitu chenye faida ya kweli, na kilitengenezwa kwa kazi. Jeep za kwanza za mwaka 1941 zilikuwa za askari wa Marekani katika vita. Land Rover ya Uingereza ilitokea mwaka 1948 kwa ajili ya wakulima wa mashamba. Hata Range Rover ya kwanza, ya mwaka 1970, ambayo jina lake leo ni jina la utajiri, ilikuwa na viti vya plastiki, kusudi mkulima aweze kuosha matope ndani kwa maji. Leo nani atamwaga ndoo ya maji ndani ya jeep yake? Hata kiatu chenye vumbi kinakatazwa!

Fundi alitufundisha mambo matatu mengine ambayo kila kijana anayeota usukani ayashike.

La kwanza, 4x4 inasaidia kuondoka, haisaidii kusimama. Kila motokari, hata ndogo, inafunga breki kwa magurudumu yote manne. Basi anayekimbia kwenye lami yenye mvua akisema "mimi nina 4x4", anajidanganya, na jeep yake ni nzito, inataka nafasi ndefu zaidi ya kusimama. Njia ya Likasi na Kolwezi ina kamioni nyingi. Usijaribu.

La pili, mipira ni muhimu kuliko kitufe. 4x4 yenye mipira iliyokwisha meno inazama kama nyingine.

La tatu, katika jeep nyingi za kazi, ile 4x4 ya kuingiza kwa mkono haifai kutumiwa kwenye lami kavu. Kwenye kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope yanateleza kidogo, hakuna shida. Lakini kwenye lami kavu vyuma vinapigana, mipira inalika, na mwisho kitu kinavunjika. Maana yake, kwenye lami mwenye jeep kama hiyo anabeba kilo nyingi za chuma na kuzilipia esanse, lakini haruhusiwi kuzitumia.

Sasa nije kwenye kosa langu mimi.

Wakati ule kanisa letu lilikuwa linachanga pesa kwa kununua motokari ya kazi ya uchungaji. Ni mimi niliyeomba jeep. Nilikuwa na picha yake, nimeikata kwenye gazeti, nimeiweka ndani ya Biblia yangu. Kamati iliponiuliza sababu, nilisema: "Njia za vijijini." Akina mama waliuza mihogo na mikate kwa ajili ya zile njia za vijijini.

Usiku mmoja baada ya maziko yale, Mama Pasta aliniambia: "Si unaandika safari zako zote ndani ya kaye? Hesabu." Nilichukua kaye ya mwaka 2018, nikahesabu. Safari 46. Kati yake 35 zilikuwa mjini au kwenye lami: hospitali, ndoa, mikutano, vilio. Safari 11 zilikuwa za njia ya udongo, na kati ya hizo 8 zilikuwa wakati wa jua, ambapo hata taksi inapita. Zilibaki safari 3. Tatu! Kwa ajili ya siku tatu nilitaka kanisa linunue kitu cha siku 365. Na ukweli ni kwamba ile picha ndani ya Biblia haikuwa picha ya njia ya kijijini. Ilikuwa picha yangu mimi, nikishuka mbele ya watu.

Nililisema hilo mbele ya kamati. Haikuwa rahisi. Mzee mmoja alikasirika, akasema: "Basi tulichanga kwa nini?" Alikuwa na haki. Tulinunua pikipiki moja yenye nguvu na mipira ya meno, na pesa nyingine zikaweka mabati juu ya madarasa mawili ya masomo yetu. Kwa zile siku tatu za matope, ninaondoka siku moja mbele, ninalala kijijini. Kama ningefanya hivyo mwaka ule, siku ile ile habari za ugonjwa wa mama yule zilipofika, ningemshika mkono angali hai. Neno hili ninalibeba mpaka leo.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba mwenye jeep ni mwenye dhambi. Muuguzi anayepeleka chanjo vijijini katika mwezi wa pili anahitaji 4x4 kweli, na mara nyingi hana. Mhandisi anayeshuka kila siku kwenye shimo la mgodi anaihitaji. Na mtu akipenda motokari nzuri, na pesa ni zake kwa haki, na wafanyakazi wake wamelipwa, aseme tu: "Niliipenda." Hilo ni jibu safi. Ubaya ni kuita tamaa kwa jina la shida, hasa pale ambapo mwingine ndiye anayelipa.

Na yule ndugu yetu? Jeep yake angali nayo. Alinunua mipira mipya, na mtu akimwuliza kama ni 4x4 anajibu akicheka: "Hapana, njo ya kwenda kazini na ya kuja kanisani."

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Katika nyumba yetu, ni kitu gani tunachokiita "shida" ambacho kwa kweli ni tamaa?

2. Kitu kile tunachotaka kununua, tutakitumia siku ngapi kwa mwaka? Tuandike, tuhesabu.

3. Nani atalipa, na angelipia nini kingine?

Mbaki na amani.