Mashine Isiyofanana na ya Nyumbani

Watengenezaji wa mifumo ya kompyuta wana swali ambalo sisi wafasiri tunalijua vizuri: mfumo huu tuuhamishie kwenye prosesa gani? Jibu la haraka ni ile inayofanana na uliyoizoea. Kazi inakuwa nyepesi, mnalala mapema.

Mwaka 1977, kule Bell Labs, Marekani, Steve Johnson na Dennis Ritchie hawakuutaka wepesi huo. Unix ilikuwa imezoea PDP-11, kompyuta ya biti 16. Wao wakachagua Interdata 8/32, ya biti 32, na tofauti hiyo ndiyo waliyoitafuta. Namba ya baiti mbili, PDP-11 huihifadhi kwa kutanguliza baiti ndogo. Interdata hutanguliza kubwa. Programu ya mtu anayedhani kompyuta zote duniani zinahesabu kama yake, hapo inaumbuka. Hata lugha ya C, iliyoandikiwa Unix, ilibidi iongezewe mambo.

Mwaka huohuo, Richard Miller wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, aliihamishia Unix kwenye Interdata 7/32. Yeye hakuwa akitafuta somo. Mashine iliyokuwapo ndiyo hiyo. Kwanza aliikaribisha Unix kama mgeni juu ya mfumo wa Interdata wenyewe, baadaye mwenyeji akaondoka. Kwa kweli huyu namheshimu zaidi.

Haya niliyasoma nikiwa na hadithi fupi ya Kiswahili mkononi, natakiwa kuchagua: Kigiriama au Kiingereza? Mhusika anabisha hodi usiku, anaingia, anaketi, anaomba maji. Kurasa kumi na mbili za "a-" tupu, hujui kama ni mwanamume au mwanamke. Kigiriama, ndugu wa damu wa Kiswahili, kingempitisha kimyakimya, na mimi ningemaliza kwa wiki mbili. Nikachagua Kiingereza. Sentensi ya kwanza tu, nikasimamishwa mlangoni: huyu ni nani?

Nikampigia mwandishi, mama mmoja mcheshi. Akanyamaza, nikadhani salio limeisha.

"Mwanangu," akasema, "hata mimi sijawahi kumwuliza."

Siku nne baadaye akanitumia ujumbe: ni mwanamke, na yule mzee aliyemfungulia mlango anamjua. Nisiendelee kwanza. Ameirudia ya Kiswahili, anaandika upya ukurasa wa tatu.