Simu ya mkubwa na kalamu ya hakimu

Kasongo. Mama mmoja aliyekimbia Salamabila, katika teritwari ya Kabambare, anaishi hapa Kasongo kwa ndugu ya marehemu mume wake. Shamba alilolikimbia sasa linalimwa na mtu mwingine, na kesi yake ilikuwa imekwisha kupangwa. Jioni ya kuamkia siku ya kesi, jirani alimwambia: « Mama, usijichokeshe bure. Mkubwa amekwisha kumpigia hakimu simu. » Usiku ule mama hakulala.

Neno la namna hii linasikika mara nyingi, Kasongo na Kabambare. Kuna wanaoliamini hata wasifike mlangoni mwa mahakama. Lakini katiba ya nchi yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inasema mengine.

Kifungu cha 149 kinatenga mamlaka ya mahakama na bunge, tena na serikali, na kinasema haki inatolewa kwa jina la raia. Kifungu cha 150 kinasema kwamba hakimu akiwa kazini yuko chini ya sheria peke yake. Hakimu anayekaa kitini kuamua kesi hawezi kuhamishwa ovyo: ni kwa kuteuliwa upya, kwa ombi lake mwenyewe, au kwa zamu ya mzunguko iliyotolewa sababu na kuamuliwa na Baraza Kuu la Mahakimu. Maana yake ni rahisi: mtu anayeogopa kutupwa mbali kesho hawezi kukata kesi sawasawa leo.

Kifungu cha 151 ndicho kinachogusa ile simu. Serikali haina ruhusa ya kumpa hakimu amri juu ya kazi yake, wala ya kuamua ugomvi mahali pake, wala ya kuzuia hukumu isitekelezwe.

Hapa wengi wanachanganya hakimu na parke. Tangu katiba ilipobadilishwa Januari 2011, parke haihesabiwi tena ndani ya mamlaka ya mahakama, na waziri wa sheria anaweza kuipa maagizo. Kwa hiyo anayeshtaki anaweza kuwa na mkubwa juu yake. Anayeamua hapaswi kuwa naye.

Je, maandishi hayo yanatosha? Kule Lubumbashi, mwaka wa 2016, hakimu Chantal Ramazani aliandika kwamba alishurutishwa katika kesi ya nyumba iliyomhukumu Moïse Katumbi, kisha akakimbia. Mwaka uliofuata, hakimu mwingine aliyehusika na kesi hiyo, Jacques Mbuyi, alipigwa risasi nyumbani kwake. Katiba ilikuwa ile ile. Karatasi haisimami yenyewe. Inasimama watu wanapoijua na kuidai.

Wala uhuru wa hakimu si ruhusa ya kufanya apendavyo. Kifungu cha 21 kinataka kila hukumu iandikwe, itolewe sababu na isomwe mbele ya watu, na kila mtu ana haki ya kukata rufaa. Hakimu akikosea kazini, Baraza Kuu la Mahakimu ndilo linalomwadhibu, si mkubwa aliyekasirika. Tajiri ana simu na ana marafiki. Aliyekimbia vita na kuacha kila kitu hana njia nyingine ila hakimu asiyeogopa. Kwa hiyo ulinzi huu, ingawa umeandikwa kwa jina la hakimu, ni wa mama huyu kwanza.

Asubuhi mama alivaa kitenge chake kizuri, akaenda. Kesi iliahirishwa. Hakulalamika. Aliomba aandikiwe tarehe mpya kwenye karatasi, akaikunja ndani ya pindo la kitenge, akarudi nyumbani. Jirani alipomuuliza habari ya ile simu, alijibu: « Kama alipiga, basi amepiga. Mimi ninangojea hukumu iliyoandikwa. »